Jibu la Mbuzi wa Kitambaa

Mpendwa Papa Furaha,

Nimeipata ile sidii. Ile ya jalada la kijani, yenye mbuzi wa kitambaa aliyekaa ndani ya beseni pamoja na kifaranga. Nilidhani siku nitakayoipata nitacheka na kukuringia hata huko uliko. Badala yake nimekaa na barua hii tangu asubuhi, na chisense, dagaa wa ziwa letu, nilizoanika nje zinaliwa na kuku.

Unakumbuka Pweto? Kila ulipovuka ziwa kwenda Chienge kuuza mafuta ya mawese, ulirudi na sidii moja ya vile vikaragosi vya watoto, nami nikanung'unika kwamba mume wangu amerogwa na wanasesere. Mwanetu Furaha alikukalia mapajani. Vikaragosi vilisema Kiingereza, wewe ukatutafsiria, sauti nene kwa mbuzi, nyembamba kwa kifaranga. Nilijivunia kuolewa na mtu anayejua Kiingereza, nikawatambia hata majirani.

Siku ya kukimbia vita, nilifungua mfuko wetu ndani ya mtumbwi nikakuta hakuna sufuria hata moja. Zilikuwa sidii tupu. Nilikutukana mbele za watu. Ukasema kwa upole, "Sufuria tutaomba kwa batu. Hizi, nani atatupatia?"

Kule Kenani, kambi ya kwanza tulikopokelewa, hatukuwa na umeme wala mashine. Ulishika majalada juu, moja moja, ukasimulia kila kipindi kutokana na picha, na watoto wa mahema ya jirani wakaja kuketi. Lile la kijani halikuwa na kitu ndani, sidii yake mpya tuliiacha kwenye mashine nyumbani kabla mimi sijaitazama, lakini ndilo walilolililia kila siku. Mbuzi na kifaranga wanavuka maji. Kifaranga anauliza, "Tukifika kule, nani atatujua?" Na mbuzi akamjibu neno lililowanyamazisha watoto, na mama zao pia. Mimi kila mara nilikuwa kwenye foleni ya maji, nikisikia nusunusu. Nilijiambia nitalisikia kesho.

Kisha tukahamishiwa hapa kwenye makazi ya wakimbizi, na homa ikakuchukua mimba yangu ikiwa bado changa. Kesho yangu ikaishia hapo.

Jibu hilo nimelitafuta, Papa Furaha. Niliuza chisense mpaka nikanunua mashine ndogo. Nikauliza Nchelenge, nikauliza Mwansabombwe. Muuza sidii mmoja sokoni alinihurumia, akaniita mama kwa lugha ya huku. "Bamayo, hii ya kitambo. Batu banaangalia ku foni sasa." Mwishowe mama mmoja wa Chienge, mteja wangu wa samaki, aliikuta katika vitu vya wanawe waliokwisha kukua, akaniletea.

Tuliiweka, mimi na Furaha. Mbuzi akatokea ndani ya beseni. Kifaranga akafungua mdomo. Furaha anasoma shule ya hapa, Kiingereza kwake si kitu, na nilipomgeukia nikakuta ananitazama mimi, haangalii picha.

"Mama, hasemi ile papa alikuwa anasema. Iko nafundisha watoto kunawa mikono."

Tukaziweka zote tulizokimbia nazo, moja baada ya nyingine, Furaha akinitafsiria. Hakuna hata moja yenye hadithi zako. Hukujua Kiingereza, mume wangu. Uliangalia midomo ya vitambaa, ukatutungia yako.

Sikukasirika. Afadhali ningekasirika. Niliumia, kwa sababu nimezunguka ziwa lote nikitafuta kitu madukani, kumbe kilikuwa kinywani mwako, na kinywa hicho tumekizika. Watoto wa Kenani wametawanyika, sijui nimuulize nani. Furaha alikuwa mdogo mno, hadithi anaijua kutoka kwangu, ya kwako anakumbuka sauti tu.

Juzi Kadogo wetu, yule uliyemwacha tumboni, alichukua jalada la kijani akataka kujua kifaranga analilia nini. Nikamwambia lile swali.

"Na mbuzi anasema nini?"

Nilijaribu sauti nene. Nikasema, "Mimi nitakujua."

Sijui kama ndivyo ulivyosema. Mtoto aliridhika, akaenda kucheza. Mimi sijaridhika. Nimelia mpaka Furaha akaninyang'anya jalada.

Pumzika, baba wa watoto wangu. Nikifika huko, nitakuuliza kabla hata ya kukusalimu.

Mke wako,
Mama Furaha