Alichomjibu Mzungu wa Tetemeko

Paskalina, unajua leo shangazi Fidelia kanieleza nini kuhusu marehemu mama? Viazi vya wajukuu vimeungulia jikoni, sina habari navyo.

Enzi za Mwingereza, siku chache baada ya tetemeko, mzungu wa miamba alifika kijijini kwetu Kichiwa kuchunguza ufa wa ardhi unapita wapi. Akawa anamuuliza kila mtu: ulikuwa wapi, ukafanya nini?

Baba akajibu upesi, "Nilikuwa mlangoni. Nikakimbilia zizini kufungua ng'ombe."

Mlangoni, Paskalina! Mlangoni!

Naye alishamwapia mama kwamba saa ile alikuwa bado njiani, anatoka Makambako. Mama alikuwa ndani, mzazi wa siku tatu, mimi Ema wake kifuani, ukuta wa nyuma unabomoka.

Baba alipojibu hivyo, mama alikuwa anawamiminia wageni togwa. Akaiweka kata chini.

Mzungu akamgeukia. "Na wewe mama, ulifanya nini?"

"Nilingoja."

"Ulingoja nini?"

Shangazi anasema mama hakumtazama mzungu hata kidogo. Alimtazama baba.

"Nilitaka uniite jina tu, baba Ema. Hata kama ungeendelea kukimbia."