Maksai Wawili wa Kilima cha Chekalini

Kwa Sellah, Shieywe,
Kakamega.
7 Agosti 1971

Mpendwa ndugu yangu George,

Nakusalimu kutoka kitandani. Hujambo huko Voi, wewe na Navalayo? Watoto wanakula vizuri? Mimi miguu imevimba, na daktari hanipangii tena siku ya kurudi. Binti yangu Sellah ananitunza.

Mahindi ya Lumakanda yameanza kuzaa. Chama cha ushirika kimenunua trekta, na maksai wameuzwa.

Hao maksai ndio walionifanya nishike kalamu. Ulipokuwa dereva wa gari la maksai la chama, uliwaendesha wale wanane polepole kwenye tambarare, ukawafungua mtoni wanywe na kucheua, ndipo mkapanda kilima cha Chekalini na magunia kumi na sita. Siku ile ya 1965 mimi, katibu, nilitaka tuwahi treni ya adhuhuri. Nikapiga hesabu: magunia ishirini na manne, kila maksai matatu.

Ukaniambia, "Mwalimu, hesabu yako haina kilima." Wapakiaji wakacheka. Iliniuma, nikaamuru yapakiwe yote. Tulipofika mtoni tukiwa wawili tu, nikakunyang'anya mjeledi, tukavuka bila kusimama.

Wale wawili wa mbele walianguka katikati ya kilima, ndimi nje, nira ikiwakaba. Hawakuinuka.

Kisha nikaandika katika kitabu cha chama: "Dereva George hakuwapumzisha maksai." Nilijua hutanipinga, kwa kuwa ni mimi niliyekulea baada ya baba kufariki. Ukaachishwa kazi, ukahama.

Wiki iliyopita mwenyekiti, mzee Kibiwott, alikuja kuniona. Nikamweleza yote, nikamsihi afute maneno yale. Akanishika mkono, "Pole, Mwalimu, ni homa hiyo. Habari za George nani hazijui?" Nikamwita Sellah awe shahidi kwamba sina homa, naye akanivutia blanketi. Kitabu kiko Lumakanda, na mimi hata mlangoni sifiki.

Nisamehe ukiweza. Ukishindwa, sitakulaumu.

Dada yetu Jescah anakusalimu sana. Nisalimie Navalayo na watoto. Mungu awape hapo Voi heshima niliyokunyima kwenu. Huku wote wanaamini nilichoandika kwenye kitabu kile. Wa kuniamini sasa umebaki wewe tu, nawe ulijua tangu siku ile.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye,
Cleophas