Bwawa Linajazwa, Baba Milembe Yuko Huko

Jumatatu, 3 Machi
Sasa hivi Milembe kapanga kokoto tatu, kaweka beseni juu, akawa analijaza maji kikombe kwa kikombe. Likapinduka. Kacheka, kalowa mwili mzima. Mimi sikucheka.

Baba yake anafunga nondo kwenye bwawa jipya, mbali, kule milimani. Jana alipiga simu. Tangu waanze kulijaza, ardhi inatetemeka. Kidogo tu, anasema, sufuria zinagongana. Injinia wao kawaambia maji yale ni mazito, tena yanapenya kwenye nyufa za mwamba huko chini, mwamba unateleza.

Naogopa. Jumamosi tunahamia kwake. Mabegi tayari. Chumba alichotupangia kiko bondeni, chini ya ukuta wa bwawa.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia aache kazi arudi. Kacheka. "Wewe Mama Milembe unakaa Igogo mlimani, jiwe kubwa kama lori limekaa juu ya bati lako, halafu unaniogopea mimi?"

Nikamwambia jiwe letu hakuna anayelijaza maji.

Akasema, msije kwanza. Hapo ndipo nikaogopa kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Hapatikani.

Ijumaa, 7 Machi
Hapatikani. Redio imesema kule limepita tetemeko, nyumba zimepasuka. Watu hawakuwataja.

Nimeshuka sokoni Mwaloni kuchukua dagaa, nimerudi mikono mitupu. Nilisahau nilichofuata. Mama mkwe hakunigombeza. Kakaa mlangoni anachambua mchele uleule mara ya pili.

Nimeweka kikombe cha maji mezani. Nakitazama tu, kama maji yatatikisika. Mungu wangu, huyu mtoto hata hajaanza kumwita baba vizuri.

Jumamosi, 8 Machi
Kapiga kwa simu ya dereva wa kazini kwao. Mzima. Mzima. Ukuta wa chumba umeangukia kitanda na simu yake, yeye alikuwa kazini.

Kile kitanda leo usiku tungelala sisi.

Wamesimamisha kujaza kwanza, wataendelea polepole. Wenzake wamebaki. Yeye kauliza, "Mabegi bado yamefungwa?" Nikasema ndiyo. "Fungua. Nakuja mimi."

Nimelia mbele ya mtoto. Kanifuta kwa kanga yangu mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Nguo nimezirudisha kwenye kamba. Milembe yuko na kokoto zake. Leo nimemsaidia, tumetia maji nusu. Beseni limetulia.

Nimelitazama na jiwe letu, muda mrefu. Baba Milembe alisema kweli. Akishafika akapumzika nitamwambia tutafute chumba, hata kidogo, kule chini mbali na mawe, na kazi atapata, ujenzi hapa Mwanza hauishi. Mama mkwe ananiita huko nje, anasema kuna mtu na begi anapanda kwenye mawe, nitoke nimwangalie, macho yake hayaoni mbali, nadhani ni ye—