Nani Kakwambia?

Baba Pacha,

Pacha wako wazima, wanatafuna magazeti yako ya zamani.

Enzi ukiandikia gazeti, habari ulinisomea mimi kwanza. Nikiuliza, "Nani kakwambia?" ulirudi kuhakikisha. Siku hizi, huko mjini, unatangaza moja kwa moja kwenye simu, na huyo dada anayekushikia simu anacheka mpaka huku tunamsikia. Wivu unanila, sikufichi.

Jana umetangaza mwalimu mkuu wa hapa kwetu amefariki. Mume wangu, nimemkuta dukani ananunua mkate, huku watu wanamkimbia! Huyo mchekaji wako hakukuuliza kitu?

Kesho, kabla hujabonyeza, nipigie unisomee. Swali langu bado ninalo.

Ni mimi, msomaji wako wa kwanza.