Peugeot ya Oswald na Landrova ya Misheni

Mikumi,
14 Machi 1971

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo, na goti lako halikusumbui sana kwa baridi hii ya mvua. Mimi ni mzima, na kazi ya uuguzi inaendelea vizuri.

Barua yako nimeipata. Umeniambia kwamba washenga wawili wamefika hapo Kidete, wa Oswald, karani wa shamba la mkonge, na wa Lazaro, dereva wa misheni. Kabla hujamjibu yeyote, unataka nikueleze lipi ni gari bora, Peugeot 404 au Landrova. Nilicheka peke yangu. Tangu utoto wangu unasema mwanamume hupimwa kwa chombo anachokiendesha. Haya, nitapima kwa haki, maana nimeyapanda yote mawili.

Peugeot inashinda kwa mengi, sikufichi. Injini yake ni ndogo, lita moja na nusu na ushee, lakini kwenye lami inafika maili tisini kwa saa. Viti ni laini, gia iko kwenye usukani, na mafuta inakunywa kwa adabu. Nakumbuka ulivyoshangilia kando ya redio Peugeot iliposhinda mashindano ya magari ya Safari. Landrova ina lita mbili na robo, lakini ikikaribia maili sitini inapiga kelele kama mashine ya kusaga, na springi zake hazina huruma na mgongo wa mtu. Sifa yake ni kwamba magurudumu yote manne yanavuta.

Sasa, masika ya mwaka jana Oswald alinipa lifti kwenda Kilosa, tukakwama topeni. Nikamwomba anielekeze nishike usukani, yeye asukume. Akanijibu kwa upole kwamba gari lake si la kujifunzia, na kwamba mke wake hatakuwa na haja ya usukani, atapelekwa popote atakapo. Tukakaa humo mpaka trekta la shamba likaja kutuvuta. Hakunikosea adabu hata kidogo, Baba, lakini nilijiona mzigo.

Haikupita muda, Landrova ya misheni, tunayoendea kliniki za vijijini, nayo ikazama palepale, na magurudumu yake manne! Lazaro akakata matawi, akayapanga chini ya matairi, kisha akaniambia, Sista, hamia upande huu. Akanionyesha klachi, akaenda nyuma kusukuma. Injini ilinizimikia mara kadhaa. Tope lilimrukia hadi kwenye kope, wala hakupandisha sauti. Tulipotoka, akaketi upande wa abiria na kuniambia niendelee tu, njia bado ndefu.

Baba, tangu siku hiyo amekuwa akinifundisha. Juzi nimefanya mtihani Morogoro na leseni nimepata. Nilikuficha kwa kuogopa utasema usukani si kazi ya binti. Najua Landrova ni ya misheni, na Lazaro mwenyewe hana hata baiskeli. Kwa kipimo chako ameshindwa. Lakini nampenda, na safari hii ni mimi nitakayeisafiri. Nakuomba umpokee mshenga wake.

Alhamisi kliniki inakuja huko Kidete. Ukisikia gia zinalia, usimlaumu Lazaro. Atakuwa upande wa abiria.

Msalimie sana mama na majirani wote. Mwambie mama aanue mihogo yake uani mapema, maana kurudi nyuma bado sijakuzoea.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Raheli