Jenerali Anatafutwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa mahali pazuri, goti halikusumbui, na Mama hajaanza kukufukuza jikoni. Mimi mzima kabisa, nakula, nalala, na kile kikohozi kiliondoka chenyewe kilipoona sikijali. Mama mwambie sweta nimelivaa. Mara moja, lakini nimelivaa.

Ningepiga simu, ila najua ungekata kabla sijamaliza. Barua huwezi kuikata, Baba, kwa hiyo tulia unisome mpaka chini.

Si unajua kazi yangu kwenye ile komedi ya kambi ya jeshi: mimi kuruta wa mstari wa nyuma. Napiga saluti, naanguka kwenye matope, nakimbizwa na sajini, na sisemi neno. Mama ananiambia kila wiki unanyoosha kidole kwenye televisheni, yule pale, yule ambaye kofia imemwangukia machoni. Ni mimi kweli! Lakini msichokiona hapo nyumbani ni kwamba huku vyeo havivuliwi pamoja na nguo. Wanaoigiza maofisa wana chumba chenye feni, viti vya kuegemea, na chakula chao kinakuja kimefunikwa. Sisi makuruta tunakula nyuma ya jenereta, tumekalia makreti ya soda, sahani mapajani. Hakuna aliyepanga hivyo. Kuna siku mtu aliogopa suruali ya Kanali isichafuke, akamtafutia kiti ndani, basi, ikawa sheria. Sasa hata mhasibu akipishana na Kanali kwenye korido anasimama wima. Na Kanali mwenyewe, Baba, kabla ya kazi hii alikuwa anatangaza magodoro kwa kipaza sauti juu ya gari! Siku moja nilimwita kaka, akaniuliza kaka yangu nani hapa, yeye ni afande. Nikangoja acheke. Hakucheka. Mpaka mlinzi wa getini ameshikwa na ugonjwa huo: anakutazama viatu kwanza, ndipo anakwambia upite mlango upi.

Basi juzi tulikuwa na kipindi kikubwa. Jenerali anakuja kukagua kambi, anaingia mesi ya maofisa, lile bwalo lao la kulia, wote wanasimama. Wakamwalika mwigizaji mzee, mtu wa heshima zake, sauti kama lori linapanda mlima. Mzee wa watu akaja kwa miguu, shati la kawaida, kandambili kwa sababu vidole vinamuuma. Mlinzi akaziona kandambili, akamwelekeza kwa makuruta. Mama wa mavazi, bila kuinua macho kwenye cherehani, akamrushia gwanda la kuruta. Mzee akadhani ndivyo hadithi inavyotaka, kwamba jenerali amejigeuza kuruta ili aichunguze kambi, akalivaa. Tukapanga naye foleni ya chakula. Tukakaa naye kwenye makreti, anatuvunja mbavu, we acha tu! Mara Kanali akapita. Sote tukainuka, mzee akabaki anatafuna. Kanali akamfokea mbele za watu, eti kuruta gani huyu, mvi kichwa kizima, hajui kusimama mkubwa akipita.

Mzee akaweka sahani chini taratibu. Akauliza kama kamera inawaka. Tukasema haiwaki. Akavua gwanda, akalikunja vizuri, akasema kudharauliwa mbele ya kamera ni kazi yake, lakini kamera ikizimwa hiyo si kazi tena. Akaondoka na kandambili zake.

Mwongozaji akatoka mbio anauliza jenerali wake yuko wapi. Tukamwonyesha geti. Kanali alipoambiwa ni nani aliyemfokea, alibadilika rangi, akaanza kukagua vifungo vyake kimoja kimoja. Mwongozaji akashika kichwa: mesi imeshajengwa, meza zimetandikwa, na ukumbi lazima tuurudishe Ijumaa. Sasa mimi kuruta siruhusiwi kusema na mwongozaji. Nasema na msaidizi, msaidizi anasema na msaidizi mkubwa. Lakini mdomo wangu unaujua, Baba. Ulifunguka wenyewe. Nikasema jenerali ninaye.

Wakacheka. Sajini akaniambia nikae kabla sijakimbizwa uwanja mzima. Badala ya kukaa nikawaonyesha yale uliyokuwa unatufanyia sebuleni ukirudi kazini, baada ya kuwaendesha wakubwa wa jeshi kutwa nzima. Jinsi jenerali anavyoshuka garini: mguu mmoja kwanza, unasubiri, kama anapima maji ya kuoga. Kikohozi kidogo, ili watu wajue sasa wanyamaze. Halafu yale macho ya kumtazama kila mtu bila kumwona hata mmoja. Nikatembea hivyo katikati ya makreti, na nakuapia, mshika taa alisimama wima mwenyewe hajijui! Mwongozaji alicheka mpaka akakaa chini. Akasema basi, nibandikwe masharubu, jenerali ni mimi.

Mimi, Baba! Maneno ya kusema, ukurasa mzima! Mimi ninayejifunza kuongea bafuni mpaka jirani anagonga ukuta.

Nikasema hapana.

Sasa hapa nivumilie, na Mama usimgombeze. Aliniambia kwamba kwenye komedi yetu, kila wakionyesha mesi ya maofisa, unainuka, unasema unakwenda kuangalia kama geti limefungwa. Mchana kweupe. Nikambana aniambie. Akasema miaka yote ya utumishi wako uliwafikisha wakubwa mlangoni pale, ukageuza gari, ukawangoja juani mpaka wamalize. Hukuwahi kuingia hata kuomba maji. Mwendo wao ulituletea nyumbani tucheke. Hilo la juani ukabaki nalo.

Kwa hiyo nilimwambia mwongozaji kwamba huu mwendo mimi nimeazima, mwenyewe yupo. Nimekutaja wewe, Baba, uwe jenerali. Nimeshasema ndiyo kwa niaba yako, na mama wa mavazi anashona, kipimo nimempa kwa kukisia. Najua utasema ni michezo tu. Ni kweli, kuta zenyewe mbao nyembamba, ukiziegemea unaondoka nazo. Lakini watakaosimama ni watu kweli, na wa kwanza ni Kanali. Huyo amekwenda mpaka kwa yule mzee kuomba radhi. Mzee radhi amepokea, kazi amekataa.

Na usifikiri nimetoka mikono mitupu. Dereva wa jenerali ni mimi. Kwenye maandishi dereva anabaki kwenye gari. Nikasema hapana, anaingia na jenerali, wanakaa meza moja, wanakula. Mwongozaji akauliza hilo limeandikwa wapi. Nikamwambia jenerali wangu haendi mezani bila dereva wake, amuulize mwenyewe akifika. Akachukua kalamu akaandika.

Tunarekodi Alhamisi asubuhi. Kama hutaki, mwambie Mama anitumie ujumbe, nitabandika masharubu na sitanuna. Kama unataka, usijibu kitu. Panda basi uje.

Mbusu Mama, wasalimie wadogo zangu na jirani wa redio kubwa. Nakuombea afya, na safari isiyo na mashimo.

Ni mimi mwanao,
Dereva wako