Dani, Si Wewe Uliyeniliza

Dani wangu,

Naandika kukuomba msamaha. Huku Sindo umesingiziwa jambo, bibi yangu, na mmoja wa waliokusingizia ni mimi.

Ulipofariki huko Rongo nilikuwa na mimba ya miezi minane. Wakwe zangu walikataa nisafiri. "Na hizo bampu zote za barabarani, utazalia njiani!" Kwa hiyo wewe, uliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, ukiwekwa kaburini, mimi nilikuwa jikoni nachambua omena, dagaa wa huku ziwani. Sikulia. Nilichambua beseni zima, hata zile ambazo zilikuwa tayari zimechambuliwa.

Halafu msichana akazaliwa, na huyo alilia kwa niaba yetu sote. Unajua kwetu mtoto akilia bila sababu, watu husema kuna marehemu anayetaka mtoto apewe jina lake. Basi wakaja shangazi wote wa Oyugi, mume wangu, wakaketi, wakaanza kumtajia wafu wa boma mmoja baada ya mwingine. Walipomtaja babu yake Oyugi, mtoto akazidisha. Wakataja mjomba mmoja aliyekuwa mlevi, akapiga ukelele mpaka kuku wakatoka nje. Shangazi mkubwa akasema, "Basi ni wa upande wa mama. Prisila!" Mtoto akacheua, akanyamaza. Vigelegele! Mimi niliyembeba niliisikia ile gesi ikitoka, Dani, lakini jina lako nililipenda, nikafunga mdomo.

Kwa hiyo mtoto akanyamaza, na mimi nikaanza. Nililia kwa ajili ya uji. Nililia kwa sababu kifuniko cha sufuria kilianguka. Nililia kuku mmoja aliponiangalia vibaya. Na kulia kulikuwa afadhali, maana kuna siku sikusikia chochote. Nilimwangalia Prisila kama mzigo ambao abiria ameniachia nimshikie kidogo, akapotea.

Oyugi alikuwa kisiwani Remba kwa biashara ya samaki. Akipiga simu nikilia, anauliza, "Nikutumie mbuta?" Nilikula mbuta mpaka nikakaribia kuota mapezi, na bado nalia.

Shangazi mkubwa ndiye aliyetoa hukumu. "Nyar Rongo, wewe binti wa Rongo, bibi yako bado ana neno na wewe. Hukumzika." Nami nikaamini. Hapo ndipo nilipokukosea. Nilikuomba radhi nikifua, nikipika, nikimnyonyesha. Hukujibu, nikajua umekasirika kweli. Mwishowe nikaanza kuwaza kwamba afadhali nikufuate huko, nikuombe ana kwa ana.

Hilo sikumwambia mtu yeyote.

Nilipompeleka Prisila kwenye chanjo, sista wa kliniki alimpima kilo, akaandika kwenye kitabu, kisha akaniangalia. "Na wewe, mama, unalala?" Dani, tangu nijifungue kila mtu alikuwa ameuliza kama mtoto analala. Nililia mpaka kina mama kwenye foleni wakadhani sindano nimedungwa mimi.

Akafunga mlango. Akaniuliza moja kwa moja kama nimewahi kutaka kufa. Nikamwambia habari za kukufuata. Hakushtuka wala hakukemea pepo. Alinishika mkono, akasema huo ni ugonjwa, unaitwa depresheni, na unatibika. Nikamwambia, "Sista, huo ni wa watu wa Nairobi, wenye sofa." Akacheka, mimi pia nikacheka kidogo, kamasi zikinitoka.

Akanieleza kwamba hauletwi na kitu kimoja. Mwili uliotoka kuzaa hubadilika kwa kasi, halafu kuna kukosa usingizi, na mume yuko kisiwani. Kuna msiba ambao sikuulilia. Akauliza kama kwetu kuna mwingine aliyewahi kuwa hivyo, nikamkumbuka marehemu Mama Mdogo Achieng, aliyekaa kimya karibu mwaka mzima, nasi tukasema ana maringo. Hata wewe ulisema hivyo, Dani. Huko mliko, mwombe msamaha kwa niaba yetu.

Alinipeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Nilipewa vidonge ambavyo naweza kumeza nikinyonyesha, na kila Alhamisi naenda kuongea na mshauri. Vidonge vyenyewe ni kama fundi wa nguo mwezi wa Desemba, unaambiwa subiri wiki, kisha wiki nyingine. Lakini nguo ilitoka.

Niliporudi nyumbani shangazi mkubwa alikuwa ameshapanga twende kaburini kwako na blanketi la kukutuliza. Nikasimama mbele yao wote. "Dani wangu hakuwahi kununa kupita muda wa maharagwe kuiva. Namkumbuka sana, ndiyo, lakini si yeye anayeniliza. Mimi ni mgonjwa, na natibiwa."

Halafu mama mkwe wangu, ambaye huwa haongei mbele ya shangazi, akasema polepole, "Mimi pia nililia hivyo nilipomzaa Oyugi. Wakasema ni marehemu baba mkwe. Wakamchinjia mbuzi."

Nikamuuliza kama alipona.

"Nilichoka tu kulia. Mbuzi alikuwa mtamu."

Tangu hapo kukipambazuka huja kumchukua Prisila nami narudi kulala. Oyugi pia amerudi kwa muda. Anambeba mtoto mgongoni kwa leso mpaka ufuoni, na wavuvi wanamchokoza, "Oyugi, unanyonyesha saa ngapi?" Naye anajibu, "Leta wako, nitawaunganisha." Jana Prisila alinichekea usoni, bila jino hata moja, nami nikasikia kitu hapa kifuani. Kilikuwa kidogo, lakini nilikisikia.

Siku mbaya bado zipo. Juzi nililia kwa ajili ya kitunguu ambacho sikuwa nimekikata. Lakini sasa nikizidiwa nasema kwa sauti, "Mama, leo ni mbaya," na mtu anakuja kuketi nami.

Lala salama, Dani, nimekusafisha jina. Alhamisi sitaikosa hata moja. Siku moja nitakuja huko ulipo, hilo halina ubishi, lakini usiniwekee chakula. Nitachelewa sana, na nitachelewa makusudi.

Mjukuu wako,
Akinyi